Jinsi Lempi Harju Alivyouza Gari Lake

Huku Rauhala mtu hasifu kitu chake. Ukimuuliza mwenye ng'ombe bora wa maziwa katika wilaya nzima habari za ng'ombe wake, atakwambia bado hawajafa. Ukimwambia mama wa bibi harusi kwamba binti yake amependeza, atakukatiza haraka akueleze kuwa gauni lenyewe ni la kuazima. Tabia hii wazee wetu walikuja nayo kwenye meli kutoka Finlandi, pamoja na sufuria zao na hofu ya Mungu, na baridi ya huku kaskazini mwa Michigan ikaigandisha palepale. Wapo wanaoiita unyenyekevu. Mimi niliyezaliwa humu na nitakayezikwa humu nasema kuna siku inageuka kuwa ukorofi mtupu.

Na katika ukorofi huo Lempi Harju alituzidi sote. Alikuwa mpishi wa shule ya Rauhala tangu usichana wake mpaka shule ilipofungwa kwa kukosa watoto. Nusu ya mji huu tumekua kwa mkate wake wa iliki, ule unaosukwa kama nywele na kupakwa sukari juu. Sijawahi kumwona akiutoa kwenye tanuri bila kuugusa, kukunja uso na kusema, "Leo umekauka kidogo." Haukuwa umekauka. Haujapata kukauka hata siku moja. Lakini ungembishia ungeonekana mlafi, basi sote tulikuwa tunaitikia kwa kichwa na kuongeza kipande.

Vuli ninayoisimulia Lempi alikuwa na miaka hamsini na minane, hana kazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anataka kitu. Ubavuni mwa duka la ushirika kuna jengo la matofali lenye tanuri kubwa la kuokea mikate. Mwokaji wa zamani alikuwa amewafuata watoto wake kwenye majimbo yenye jua, na jengo likabaki tupu. Mwenyewe ni Hilkka Mattila, mjane mwenye miwani mizito na maneno mepesi kutoka. Hilkka alikubali kumkodisha Lempi, mradi alete kodi ya kuanzia, dola elfu mbili, kufikia Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Ikipita hapo, jengo angepewa bwana mmoja kutoka chini ya daraja, maana yake upande wa kusini wa jimbo, aliyetaka kuuzia kofia na kadi za picha kwa wageni wa kiangazi. Meza ya kofia mahali penye tanuri! Lempi alipolisikia hilo hakulala vizuri.

Akiba yake ilikuwa imeliwa na paa la nyumba. Kilichobaki ni gari. Lilikuwa gari refu la kijani, la buti pana, lenye umri wa kupiga kura na kubaki na chenji. Huku chumvi humwagwa barabarani majira yote ya theluji, kwa hiyo magari yetu hayazeeki kwa injini, yanaoza kuanzia chini. La Lempi lilishaoza sakafu chini ya kiti cha abiria, naye akaiziba kwa sinia la kuokea alilopewa siku jiko la shule lilipofungwa. Lilikaa vizuri mno, utadhani lilitengenezwa kwa ajili hiyo. Nyumba yake haikuwa mbali na tanuri, miguu ingemtosha. Swali lilikuwa moja tu: gari la namna hii linauzwaje?

Swali kama hilo ukilipeleka kwenye meza ya kahawa ya duka la ushirika, huondoki na jibu moja.

"Lipeleke yadi mjini," alisema Urho, dereva wa greda la theluji. "Unaingia na gari, unatoka na hela. Basi."

"Watamnyonya!" akaruka Sulo. Sulo ni mtoto wa mjomba wake Lempi, na amewahi kuuza kila kitu isipokuwa mama yake. "Dada Lempi, usithubutu. Yadi wanakupa bei ya mkokoteni, halafu wiki ijayo unaliona limepakwa rangi, linauzwa bei ya ndege."

"Basi amuuzie mtu wa vyuma chakavu."

"Urho, wewe nawe! Gari linatembea, unataka likatwe vipande?"

"Mimi nimesema tu. Chuma hakina maneno. Kinapimwa, kinalipwa."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?" Hilkka akamuuliza Lempi kutoka upande wa pili wa meza.

Lempi akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Sijui kama kuna mtu atalitaka," akasema.

Alianza na yadi. Kijana wa pale alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akachungulia chini, akacheka alipoona sinia, kisha akamtajia dola mia saba. "Na hapo nimekuonea huruma, mama," akasema. Lempi akamjibu kwamba ni nyingi kuliko alivyotarajia. Alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kurudi alipoyasikia maneno yake mwenyewe, akaupiga usukani ngumi. Mia saba! Na yeye ndiye aliyemshukuru! Mtu wa vyuma chakavu alitoa chini ya hapo, ila yeye angalau hakudai kumwonea huruma.

Ikabaki kumtafuta mnunuzi mwenyewe, mtu kwa mtu. Sulo akajitolea kuliweka gari kwenye mtandao. Alikaa jikoni kwa Lempi na simu yake, akaandika kwa vidole viwili huku anatabasamu peke yake, kisha akasoma kwa sauti: "Almasi ya kaskazini! Limetunzwa na mama mcha Mungu! Ukilikosa utajuta!"

Lempi akawa mwekundu mpaka shingoni. "Futa."

"Nini sasa?"

"Yote. Watu watasemaje? Andika hivi: gari la zamani, lina kutu, sakafu imezibwa kwa sinia, linatembea."

"Dada, hilo si tangazo, hilo ni tanzia."

"Andika, Sulo."

Akaandika. Simu ililia mara moja tu wiki ile. Alikuwa mtu anayeuliza kama sinia linauzwa peke yake.

Sulo akaona aibu ya ukoo. Bila kumwambia, akarudisha almasi yake na mama mcha Mungu, na siku chache baadaye mke na mume kutoka chini ya daraja wakaja mpaka mbele ya duka la ushirika, ambako Lempi alikuwa ameegesha. Watu wazuri, wamevaa makoti mapya. Yule bwana akauliza kwa adabu kabisa: "Mama, gari lina tatizo lolote?"

Hilo ni swali ambalo Rauhala huliulizi ukiwa umesimama. Lempi alishusha pumzi, akaanza. Kutu ya milango, kutu ya chini, sinia. Mlango wa nyuma wa kushoto unaohitaji kubembelezwa. Redio inayoshika kanisa tu. Harufu ya samaki ya mwaka ule alipowabeba wanakwaya kwenda kuvua kwenye barafu. Upepo unaopita hapa, mlio unaotoka pale, ambao fundi amesema si kitu, ila fundi naye ni binadamu. Kila alipotaja jambo, yule mama alirudi hatua nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa duka.

"Na uzuri wake?" yule mama akauliza mwishowe, kwa huruma.

Lempi akafikiri. Alifikiri kweli, tulimwona. "Lina magurudumu manne," akasema.

Wakaondoka. Naye Lempi, kwa kuwa walikuwa wametoka mbali, aliwakimbilia na mkate wa iliki kwenye karatasi. Yule mama akanusa, macho yakafunguka. "Huu mnauza? Nichukue na mwingine?"

"Hapana, huu umekauka kidogo," akasema Lempi.

Hilkka alikuwa mlangoni na aliyasikia yote. Gari la wageni lilipopotea kwenye kona, akamwita.

"Lempi, njoo hapa mdogo wangu. Kaa. Nikwambie ukweli au nikuache?"

"Niambie."

"Nilidhani ninachongoja ni kodi. Sasa nimeona kinachonitia hofu ni mdomo wako. Kesho mtu anaingia dukani, anauliza mkate ukoje. Utamwambia nini?"

Lempi akapangusa makombo ya mkate vidoleni.

"Utamwambia umekauka! Na keshokutwa utamwambia hivyohivyo, na mtondogoo vilevile. Kufika Pasaka tanuri limezima, wewe una madeni, na mimi nina jengo tupu."

"Mkate si gari, dada Hilkka."

"Ni yaleyale. Kitu chako, mdomo wako. Sikiliza. Gari hilo uliuze wewe mwenyewe, kwa bei yako, si kwa ulimi wa Sulo. Ukiweza hilo, nitajua na mkate utaweza. Ukishindwa, Jumamosi yule wa kofia anakuja, natia sahihi."

Maneno makali, na Lempi yalimuuma kwa sababu hayakuwa na kosa ndani yake. Siku ile aliukanda unga kwa hasira mpaka meza ikahama mahali pake. Kisha akasimama mbele ya kioo cha ukumbini, mikono yake imejaa unga, akajaribu. "Ni gari zuri," akakiambia kioo, "lakini..." Akaanza upya. "Ni gari zuri, ila..." Alijaribu mpaka unga ukamkaukia mikononi. Sentensi ilikataa kufika mwisho peke yake, ilitaka mkongojo. Ungecheka ungemwona, nami nilicheka aliponisimulia, lakini siku ile yeye hakucheka. Alikuwa anayaona maisha yake yote kwenye kile kioo: mwanamke anayetoa mkate mzuri kwa mkono wa kulia na kuukana kwa mdomo.

Alhamisi akafanya kile ambacho sote hufanya njia nyingine zikishindwa. Kwenye njia panda iliyo karibu na kanisa kuna kiwanja ambapo watu wa Rauhala huacha vitu vyao vya kuuza: mashua, trekta, mara moja hata kinanda. Unaegesha, unaweka kibao chenye bei na namba ya simu, na funguo unaziacha palepale kwenye gari, ili anayetaka alijaribu bila kukusumbua. Najua mgeni akisikia hivyo hushika mfuko wake. Sisi hatujui namna nyingine. Kumnyima mtu funguo ni kumwita mwizi, na kumwita mtu mwizi kabla hajaiba, huku, ni kosa kubwa kuliko kuiba. Lempi aliandika kwenye kibao: dola elfu mbili, funguo zimo. Akaacha na blanketi kwenye kiti cha abiria, kwa kuwa baridi ilikuwa inakaza. Akarudi nyumbani kwa miguu.

Usiku theluji ilianguka, ile ya kwanza nzito, ikaendelea mpaka kulipokucha kabisa. Ijumaa asubuhi alipofika njia panda, kiwanja kilikuwa cheupe, kimesawazika, na gari halipo. Hata alama ya tairi haikuwapo.

Habari ilifika kwenye meza ya kahawa kabla yake.

"Piga simu kwa sherifu!" Sulo alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Sasa hivi!"

"Huenda kuna mtu analijaribu," akasema Lempi.

"Tangu alfajiri?"

"Huenda ni mtu mwangalifu."

"Dada! Barabara kuu inapita hapo. Saa hizi gari liko Wiskonsini, limeshabadilishwa jina!"

"Nikimwita sherifu nitakuwa nimesema Rauhala kuna mwizi. Itakuwaje kama hayupo?"

"Itakuwaje kama yupo?" akauliza Urho taratibu.

Lempi akavuta kiti mpaka dirishani. Alikaa dirishani pale mpaka saa ya kufunga, kila taa ya gari ikitokea anainuka nusu, anakaa. Hilkka alimletea supu na hakumsema, na kutosemwa na Hilkka kulimtisha Lempi kuliko kusemwa. Jioni alipofika nyumbani alikaa jikoni na koti lake mwilini, akalia. Hakulia sana kwa ajili ya gari. Alilia kwa sababu kwa wiki chache alikuwa amejiona nyuma ya ile kaunta, aproni imefungwa, moto nyuma yake, mlango ukifunguka na watu wakiingia na theluji kwenye viatu. Sasa aliona kofia.

Jumamosi yule bwana wa kofia aliahidi kufika baada ya chakula cha mchana. Sote tulijikuta tuna shida za kununua chumvi na misumari asubuhi hiyo, tukajaa kwenye duka la ushirika. Lempi alikuja kwa miguu, pua nyekundu, akakaa mahali pake. Urho ndiye aliyekuwa upande wa dirisha, na Urho ndiye aliyesema, "Lile pale."

Gari la kijani lilikuwa linateremka mlima polepole, theluji imefutwa vizuri juu ya bodi, taa zinawaka. Likaingia uwanjani, likasimama mbele ya mlango. Kwenye usukani alikuwa Arvo Pelto, yule mkulima wa viazi anayeishi nyuma ya njia panda na mama yake, mtu ambaye tangu mazishi ya baba yake sikumbuki kama amesema maneno yanayojaza kikombe. Kwenye kiti cha abiria, juu ya sinia, amezungushiwa blanketi la Lempi mpaka kidevuni, alikuwa mama yake, Bibi Saima.

Tulitoka wote nje, hata wenye kahawa mkononi.

"Umerudi," akasema Lempi.

"Nimerudi," akasema Arvo.

Wakaangalia theluji.

"Bwana Arvo!" Sulo hakuweza kuvumilia. "Siku mbili! Ulikuwa wapi na gari la watu?"

"Nalijaribu."

Ilibidi tumvute neno moja moja kama misumari. Ijumaa ilikuwa siku ya mama yake kupelekwa hospitali mjini kusafishwa damu, kwa sababu figo zake zimechoka. Alfajiri pikapu ya Arvo ilikataa kuwaka. Akatembea mpaka njia panda kutafuta msaada, akakuta gari, kibao na funguo. Akaenda nalo nyumbani, akampakia mama, wakaenda. Walipomaliza, barabara ilikuwa imefungwa kwa theluji, wakalala hukohuko hospitali kwenye viti.

"Na simu?" akauliza Sulo. "Namba iliandikwa kwenye kibao, kubwa!"

"Simu ni ya habari mbaya," akasema Arvo. "Sikuwa na habari mbaya." Kisha akamgeukia Lempi, akavua kofia. "Gari halikunisumbua."

Hapo ujue tulitazamana. Rauhala hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Babu yangu aliishi na bibi yangu miaka hamsini, na hivyo ndivyo alivyomwelezea kwenye kaburi lake. Mtu mwingine yeyote angelishika neno hilo kwa mikono miwili. Lempi akafanya nini? Akafungua mdomo na kusema, "Lina kutu."

"Nimeiona," akasema Arvo.

"Mama yako amekalia sinia."

"Analipenda. Lakini mlango wa nyuma wa kulia nao umeanza kugoma. Nimeona ukujulishe."

"Wa kulia? Sikujua. Basi iwe elfu moja na mia nane."

Arvo akakunja uso. "Na taa moja ya nyuma inapepesa."

"Mungu wangu. Elfu moja na mia tano."

Sulo alishika kichwa. Arvo naye alianza kutoka jasho kwenye ile baridi, kwa maana hakuwa anataja kasoro ili apunguziwe, alikuwa anazitaja kwa adabu, kama mtu anavyokwambia kifungo chako kimefunguka. Kila alichosema kiliishusha bei, na kila bei iliposhuka aliona aibu akatafuta la kusema, na la kusema alilokuwa nalo ni kasoro nyingine. Akataja sauti ya feni. Lempi akataja elfu moja na mia mbili. Nimeona minada mingi maishani mwangu, lakini mnada wa watu wawili wenye haya wakivutana kuelekea shimoni niliuona siku hiyo tu. Hilkka alikuwa mlangoni, amekunja mikono, na upande wa pili wa barabara gari jeusi la kigeni lilikuwa linaegesha. Bwana wa kofia aliwahi.

Ndipo mlango wa abiria ukafunguka na mguu wa Bibi Saima ukatoka, kiatu cha manyoya mbele.

"Nyie wawili mna wazimu?" akasema. "Mimi ni mgonjwa, nitakufa hapa kabla hamjafika sifuri. Wewe! Binti wa Kerttu!"

"Naam, Bibi Saima."

"Jana alfajiri baridi ilikuwa inapasua miti. Pikapu ya huyu mwanangu ilikuwa imekufa kama jiwe. Arvo, gari hili uliliwasha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Huwaka mara moja siku zote," akasema Lempi. Lilimtoka tu.

"Siku zote?"

"Tangu nilinunue. Halijawahi kunikatalia."

"Na hita je? Mbona nililala usingizi njia nzima kama mtoto?"

"Hita lake ni kali. Lilikuwa kali siku zote."

"Na hayo mbona hukuyasema?"

"Sikutaka kujisifu, bibi."

"Nani kakuuliza habari zako?" Bibi Saima alikuwa amesimama sasa, ameshikilia mlango, blanketi linaburuta kwenye theluji. "Watu wamekuuliza gari! Kutu umeitaja yote, hata ile ambayo haijaota. Kinachomfikisha mtu hospitali akiwa hai umekificha. Mtu akificha kibaya cha gari tunamwita mwongo. Akificha kizuri tumwite nani? Mwongo vilevile! Wewe ni mwongo, mwanangu, na kanisani unakaa kiti cha mbele."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Lempi Harju mwongo. Niliona damu ikimpanda usoni na kushuka. Alitazama gari lake, kuanzia taa za mbele mpaka buti, kama mtu anayesoma jambo aliloambiwa kwa muda mrefu asilisome. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi Rauhala tumeikalia methali hiyo kama kuku anavyoatamia. Lakini wahenga walikuwa wanasema habari za kitu kilichoonekana. Kilichofungiwa mdomoni kingejiuza vipi?

"Ni gari zuri," akasema Lempi.

Tukasubiri ile "lakini". Sote tulikuwa tunaijua, tulikuwa tumeshaiandalia masikio.

Haikuja.

"Ni gari zuri sana," akasema tena, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Linawaka kwenye baridi yoyote. Oili yake nimebadilisha kwa mikono yangu. Mlima wa kanisa limeupanda kwenye barafu wakati magari mapya yamelala mtaroni, na Urho yupo hapa, aseme kama naongopa."

"Haongopi," akasema Urho. "Mimi ndiye niliyekuwa navuta hayo mengine."

"Bei yake ni elfu mbili, Arvo. Kama nilivyoandika."

Uso wa Arvo ulilegea, ukafanana na wa mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha aliyokuwa nayo muda wote ule. "Elfu mbili ndizo nilizotoka nazo nyumbani," akasema. "Nilikuwa naona haya kuzitaja." Akampa mkono. Kisha akamrudisha mama yake kwenye kiti, akamfunga blanketi. Lempi akasema blanketi waende nalo. Bibi Saima akasema asante, akasema pia kwamba lilikuwa linawasha shingoni, na wakaondoka. Gari liliwaka mara moja.

Lempi alibaki amesimama na bahasha, hana tena gari, viatu vyake vimelowa. Yule bwana wa chini ya daraja alikuwa ameshuka, anavuka barabara na mkoba wake, anatabasamu. Lempi hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Hilkka, akanyoosha mkono wenye bahasha, na mwingine akauacha wazi.

"Mkate wangu ni mzuri," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilisimama. "Ni mzuri kuliko wote wilaya hii. Nipe funguo."

"Hilo tunalijua sote," akasema Hilkka, akiwa ameshazitoa mfukoni. "Tulikuwa tunakungoja wewe. Haya, nenda kawashe moto, tanuri lenyewe halipati joto upesi."